Meneja mpya wa hoteli ya ufuoni: sevisi chaji, stoo, vibarua na mlango wa usiku. Aanze wapi?

pwani_kusini

Hamjambo ndugu zangu. Swali hili ni la wale wanaoijua kazi ya hoteli, hasa huku kwetu Pwani ya Kenya.

Chukueni hoteli ya kawaida ya Diani: vyumba 60, wafanyakazi 80 msimu ukipamba moto, mmiliki hakai hapo, wageni wanajaa Desemba na kupungua masika yakianza. Meneja mpya anakabidhiwa funguo na anakuta mambo yamezoeleka. Sevisi chaji ya asilimia 10 inatozwa kwenye kila bili, lakini mwezi huu mfanyakazi anapata 4,000, mwezi ujao 6,500, na hakuna anayeweza kumwambia kwa nini. Wauzaji wa samaki na mboga wana mtu wao ndani. Vibarua wanaandikwa siku 28, wanapumzishwa siku mbili, wanaandikwa upya. Na kubwa kuliko yote, mlango wa usiku: mgeni anarudi saa saba na msichana ambaye umri wake haujulikani, na aliyeko mapokezi ni kijana peke yake anayetiliwa elfu moja mkononi.

Mawaidha tumeyasikia. Ninachotaka ni kazi yenyewe: karatasi gani, hesabu gani, nani asaini, na wapi huwa panaharibika. Na mmiliki akisema "wacha hayo, hoteli zote zinafanya hivyo", ajibiwe vipi?

---

daftari_la_mshahara

Anza na sevisi chaji. Meneja anayekalia pesa za wafanyakazi hana uso wa kumwambia mtu wa stoo asile.

Kwanza itenganishe na kodi, kwa sababu wahasibu wengi huzitia kapu moja. Kwenye bili kuna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, kuna tozo ya utalii ya asilimia 2 inayokwenda Tourism Fund (mfuko wa serikali wa utalii), kisha kuna sevisi chaji. Mbili za mwanzo ni za serikali. Hii ya tatu mgeni anailipa badala ya bakshishi, yaani ni ya waliomhudumia. Sheria ya VAT ya 2013 yenyewe inaichukulia hivyo: sevisi chaji haitozwi VAT iwapo inagawanywa moja kwa moja kwa wafanyakazi, kwa makubaliano ya maandishi, na haizidi asilimia 10 ya bei ya huduma. Kwa hiyo hoteli inayoiondoa kwenye hesabu ya VAT kisha ikaibakiza mfukoni, imewadhulumu wafanyakazi na imejianika kwa KRA, mamlaka ya kodi, kwa mkupuo mmoja. Wamiliki huwa wanaisikia hoja hii haraka kuliko nyingine yoyote.

Hesabu yenyewe: huduma ya 10,000, sevisi chaji 1,000, VAT 1,600, tozo 200, jumla 12,800. Ile 1,000 iwe na mstari wake kwenye vitabu tangu siku ilipolipwa. Akaunti ya benki ya peke yake ni bora zaidi, kwa sababu pesa iliyochanganyika na mauzo hulipa dizeli ya jenereta kabla ya tarehe 30 haijafika.

Panapoharibika zaidi ni kwenye wageni wa mawakala. Wakala analipa bei moja iliyojumuisha kila kitu, na mhasibu anahesabu sevisi chaji ya bili za baa na za wageni waliokuja wenyewe tu. Ndiyo maana mwezi mmoja ni 4,000 na mwingine 6,500, ilhali vyumba vimejaa vilevile. Kama bei ya wakala imejumuisha VAT, tozo na sevisi chaji, igawanye kwa 1.28. Wakala akilipa 9,600, huduma yenyewe ni 7,500 na sevisi chaji ni 750. Kanuni hii iandikwe kwenye makubaliano na wafanyakazi, na kama kuna KUDHEIHA hapo, yaani chama cha wafanyakazi wa hoteli, mwakilishi wake asaini.

Ugawaji: kuna hoteli zinazotumia pointi kwa cheo na zinazogawa kwa siku za kazi. Kwa hoteli ya ukubwa huu naona siku za kazi zinaeleweka upesi. Tuseme mfuko wa mwezi ni 600,000 na siku zote walizofanya kazi watu 80 ni 2,000. Siku moja ni shilingi 300. Aliyefanya siku 26 anapata 7,800, aliyefanya 24 anapata 7,200. Bandika karatasi moja kwenye ubao wa kantini kila mwezi: mauzo, mfuko, jumla ya siku, thamani ya siku, na siku za kila mtu kwa namba yake ya kazi. Mfanyakazi wa jikoni aweze kuipiga hesabu hiyo kwa simu yake na kupata jibu lile lile.

Kibarua aliyefanya kazi siku 12 apate siku 12. Kumtoa kwenye mfuko ni kumnyang'anya, kwa sababu ametandika vitanda vilevile.

Sasa hao vibarua wenyewe. Ule mchezo wa siku 28 haumlindi mwajiri kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinajumlisha siku. Kibarua akifikisha siku mfululizo zinazolingana na mwezi mmoja, au akiwa kwenye kazi ambayo kwa hali yake haiwezi kwisha ndani ya muda unaojumlika miezi mitatu, anahesabiwa kuwa ni wa mshahara wa mwezi. Kusafisha vyumba vya hoteli ni kazi isiyoisha. Zile siku mbili za mapumziko hazibadilishi kitu mahakamani, na rosta za mwaka mzima ndizo zitakazokuwa ushahidi dhidi ya hoteli.

Njia safi ipo, nayo haina gharama kubwa: mkataba wa msimu wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mathalani 15 Novemba hadi 15 Aprili, wenye mshahara, michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) na SHA (bima ya afya), siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo kwa kadiri ya miezi aliyofanya kazi. Mtu anajua mapema kwamba Aprili anatoka, anapanga maisha yake. Kinachowaumiza watu ni kuambiwa Jumamosi jioni kwamba Jumatatu wasije. Na wale wa kudumu wasipunguzwe kimyakimya masika yakifika: kupunguza wafanyakazi kunataka notisi ya mwezi mmoja, chama na ofisa wa kazi waarifiwe, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

---

pwani_kusini

Shukrani sana. Hiyo ya 1.28 ndiyo hasa iliyokuwa imejificha. Nifafanulie mawili: ni halali kukata vyombo vilivyovunjika kutoka kwenye mfuko kabla ya kugawa? Na meneja mwenyewe naye ana fungu humo?

---

daftari_la_mshahara

Vyombo: hapana. Sheria ya Ajira inaruhusu kumkata mfanyakazi kiasi cha haki kwa mali aliyoiharibu yeye mwenyewe kwa makusudi. Glasi iliyomponyoka mhudumu katikati ya karamu ya watu 200 ni gharama ya biashara kama sabuni. Kukata mfuko wa wote kwa kosa la asiyejulikana ni adhabu ya jumla, na inazaa tabia mbaya zaidi: watu wanaficha vipande vya vyombo, hesabu ya stoo inapotea kabisa. Weka bajeti ya vyombo, hesabu kila mwezi, idara inayozidi ieleze kwa nini imezidi. Mara nyingi utakuta trei ni chache au sakafu ya njia ya jikoni inateleza.

Meneja: makubaliano mengine yanamwingiza, mengine yanamtoa. Msimamo wangu ni kwamba anayeamua ugawaji asiwe na fungu ndani yake. Kama yumo, basi ahesabiwe siku zake kwa thamani ile ile ya 300, bila pointi za cheo, na jina lake liwe ubaoni pamoja na wengine. Halafu jambo moja msilisahau: kima cha chini cha mshahara ni cha mshahara wa msingi, na marupurupu ya nyumba yapo juu yake. Sevisi chaji isitumiwe kujazia mshahara ufike kwenye kima.

---

mizani_ya_stoo

Nitaongea ya stoo, maana hapo ndipo maadili yanapoweza kupimwa kwa gramu.

Anayeagiza asipokee. Anayepokea asilipe. Kwa hoteli ya vyumba 60 watu watatu wanatosha: mpishi mkuu anaomba, ofisa ununuzi anatoa LPO (hati ya kuagiza mali), mtu wa stoo anapokea akiwa na mtu wa jikoni pembeni. Mhasibu halipi mpaka karatasi tatu zilingane: LPO, karatasi ya mapokezi yenye uzito uliopimwa hapo, na invoisi. Karatasi ya mapokezi iandikwe kutoka kwenye mzani. Wengi wananakili namba za invoisi, na hapo karatasi tatu zinakuwa moja iliyoandikwa mara tatu.

Mzani wenyewe ukaguliwe kila asubuhi. Kama hakuna mawe ya kupimia, pakiti sita za unga za kilo 2 ambazo hazijafunguliwa ziwekwe juu. Isome kilo 12 na gramu chache za karatasi. Ikisoma 12.6, kila kilo unayopokea ina karibu gramu 50 za hewa.

Kamba waliogandishwa ndio mahali pa kuibiwa bila mtu kuinua mkono. Chukua pakiti moja ya kilo, ipime. Ifungue, wasuuze kamba kwa maji baridi mpaka lile koti la barafu lililowafunika liishe. Usiwaache wakayeyuka, utapoteza na maji yao ya ndani. Watie kwenye chujio lililoinamishwa kwa dakika mbili, kisha pima tena. Tuseme unapata gramu 780. Kama bei ni 1,400 kwa kilo, kwa kweli unalipa karibu 1,795. Kwa kilo 40 za wiki, kilo 8.8 ni barafu, yaani 12,320 kila wiki. Koti la barafu kidogo ni la lazima, linawalinda wasikauke ndani ya friza. Kwa hiyo kwenye LPO andika "uzito baada ya kuondoa barafu" na mwambie muuzaji jinsi utakavyopima. Akiwa mkweli hatagomba.

Samaki wabichi wanunuliwe, inapowezekana, kwenye bandari ya wavuvi yenye BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo), kwa bei iliyoandikwa siku hiyo. Muuzaji wa kati akileta changu, fungua mashavu: mekundu na yanang'aa, si ya kahawia wala yenye utelezi mzito. Jicho limejaa, halijazama. Anayepokea awe na haki ya kurudisha mzigo bila kumpigia meneja simu. Mtu wa stoo anayelazimika kuomba ruhusa ya kurudisha samaki waliooza atachoka siku ya tatu, na siku ya nne atapokea chochote.

Bei za mboga na matunda: mara moja kwa wiki watu wawili wa idara mbili tofauti waulize bei soko la Kongowea, Mombasa, waandike, wasaini. Wabadilishwe kila mwezi. Tofauti ya usafiri kutoka Mombasa hadi Diani, pamoja na feri, inajulikana. Ikizidi hapo kuna mtu anakula katikati.

Lakini nakuomba uangalie na upande wa hoteli, maana huu hausemwi. Kitu kidogo, yaani hongo, huanzia kwenye ofisi ya malipo. Muuzaji aliyepeleka kuku akangoja siku 90 bila kulipwa atatoa asilimia 10 kwa yeyote atakayelisogeza faili lake, na asilimia hiyo ataiongeza kwenye bei ya kuku wa mwezi ujao. Weka siku 30, lipa kwa mpangilio wa tarehe ya invoisi, na orodha hiyo muuzaji aweze kuiona akiuliza amefika wa ngapi. Foleni ikiwa wazi hakuna cha kuuza.

Zawadi za Desemba: weka daftari. Kinachozidi, mathalani, 1,000 kinarudishwa kwa barua fupi ya shukrani. Kinacholiwa kinapelekwa kantini ya wafanyakazi. Sheria ya Kupambana na Hongo ya 2016 inagusa kampuni binafsi pia, si ofisi za serikali peke yake. Inaitaka kampuni iwe na taratibu za kuzuia hongo, na mwenye mamlaka akijua au akishuku tendo la hongo anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Meneja anayesema "nilimwonya tu" hajamaliza wajibu wake.

---

zamu_ya_usiku

Nije kwenye mlango wa usiku. Samahani, nitarefusha, maana hapa kinachozungumzwa ni mtoto.

Tujikumbushe ukubwa wake. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotolewa 2006 ulikadiria wasichana 10,000 hadi 15,000 wakitumiwa katika biashara ya ngono Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani, na wateja hawakuwa wageni wa nje peke yao. Wakenya walikuwa sehemu kubwa. Sheria ya Makosa ya Kingono, nayo ya 2006, inamfikia pia mwenye jengo: kifungu cha 15 kinamgusa anayeruhusu, akijua, mtoto akae mahali kwa ajili ya kutumiwa kingono, na kifungo chake hakipungui miaka 10. Kijana wa mapokezi anayepokea ile elfu moja hajui kwamba amesimama hapo. Meneja ndiye anayepaswa kumwambia, na kumwondolea mzigo.

Kanuni iwe moja na isiwe na mlango wa nyuma: hakuna anayelala, wala anayepanda chumbani, bila kuandikishwa kwa kitambulisho halisi. Mkenya ana kitambulisho cha taifa, mgeni ana pasipoti. Aliyetimiza miaka 18 juzi na bado hajapata kadi ana karatasi ya kusubiria. Picha ya kitambulisho kwenye simu isikubaliwe. Asiye na kitu anabaki baa au ukumbini, hapandi.

Na iwe kwa wote. Hapa hoteli nyingi zinafanya dhuluma ya pili zikidhani zinazuia ya kwanza: wanamdai kitambulisho mwanamke Mwafrika aliyekuja na Mzungu, na kumwacha mwanamke Mzungu aliyekuja na kijana wa ufuoni apite. Dada mwenye miaka 35 aliyealikwa chakula cha jioni anahojiwa mbele ya watu kana kwamba ameiba. Mwulize kila mtu, kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile: "Karibu. Kila anayepanda chumbani tunamwandikisha, naomba kitambulisho chako." Yaandike maneno hayo kwenye kadi, yabandike nyuma ya kaunta, kwa Kiswahili, Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano. Yaweke pia kwenye fomu ya kuingilia ambayo mgeni anasaini siku ya kwanza, ili saa saba usiku pasiwe na mjadala mpya.

Uamuzi usikae kwa aliye mdogo. Mtu wa mapokezi anaomba kitambulisho tu. Kukataa ni kazi ya meneja wa zamu, na kama hayupo, namba ya simu ya meneja mkuu iwe pale na ipokelewe. Mgeni akikasirika, akasema ataandika maoni mabaya mtandaoni, kijana ajue kwa maandishi kwamba hatakatwa wala kuulizwa kwa hilo.

Ikionekana ni mtoto, wengi hukosea hapa: wanamfukuza yeye. Wanamsukuma nje ya geti saa nane usiku, barabarani, na mgeni anapanda kulala. Usimtoe. Mketishe mahali penye mwanga, na mfanyakazi wa kike karibu, mpe maji. Usimhoji, maswali ya kina ni ya wenye mafunzo. Piga 116, simu ya watoto, haina malipo, na piga polisi uombe dawati la jinsia na watoto. Andika jina la mgeni, namba ya pasipoti, chumba, saa, na namba ya gari au tuktuk iliyowaleta. Kisha jambo linalosahaulika kila mara: toa nakala ya picha za CCTV usiku huo huo. Mashine nyingi hufuta zenyewe diski ikijaa, na mpelelezi akija baada ya wiki kadhaa hakuna kitu.

Familia za kweli zisisumbuliwe. Mjomba anayesafiri na mpwa wake, au mama mwenye mtoto wa jina tofauti, aambiwe wakati wa kuweka nafasi kwamba aje na nakala ya cheti cha kuzaliwa na namba ya mzazi. Akifika bila hivyo, mpigie mzazi mbele yake. Dakika tatu zinatosha.

Kuna mwongozo wa kimataifa wa sekta ya utalii unaoitwa The Code, ulioanzishwa na ECPAT, mtandao unaopinga watoto kutumiwa kingono, mwaka 1998. Hoteli inayojiunga inakubali mambo sita: sera, mafunzo kwa wafanyakazi, kipengele kwenye mikataba ya wauzaji na mawakala, taarifa kwa wageni, ushirikiano na wadau, na ripoti ya kila mwaka. Kipengele cha mikataba ndicho chenye meno: mwandikie dereva wa teksi na mwongoza watalii kwamba akileta mtoto kwa mgeni, kazi yake na hoteli imekwisha siku hiyo.

Nyongeza juu ya wafanyakazi wa vyumba, kwa sababu mkosaji ni mgeni yule yule anayelipa vizuri. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi anatakiwa kisheria awe na sera ya maandishi juu ya unyanyasaji wa kingono. Sera iliyo kabatini haimsaidii dada aliyefungiwa mlango. Chumba kisafishwe mgeni akiwa nje. Akiwa ndani, mlango ubaki wazi na toroli lizibe njia. Chumba chenye lalamiko kinaendewa na wawili. Na hatua ya kwanza baada ya lalamiko imguse mgeni: meneja anapanda mwenyewe, anamwonya kwa maandishi, au anamtoa. Kumhamisha dada kwenda kufua nguo, mahali pasipo na bakshishi, ni kumwadhibu yeye aliyesema.

---

mwana_wa_unguja

Nimesoma kwa makini. Kwa ndugu zangu wa Tanzania, 116 inafanya kazi kwetu pia kama simu ya watoto.

Naongeza moja tu, faragha. Watu wanapiga simu mapokezi wakiuliza "fulani amefikia hapo, chumba namba ngapi?" Jibu ni kuchukua ujumbe, bila kukubali wala kukana kwamba yupo. Namba ya chumba isitamkwe kwa sauti kwenye kaunta. Iandikwe kwenye bahasha ya kadi. Nakala za pasipoti zisizagae kwenye droo: kabati lenye kufuli, watu wawili wenye ufunguo, tarehe ya kuchanwa. Na picha ya pasipoti isipigwe kwa simu binafsi ya mfanyakazi kisha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Hilo linafanyika sana na ni kosa kubwa.

---

daftari_la_mshahara

Ahsante kwa hilo. Upande wa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data zikivuja Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Na akija mtu anayejitambulisha kuwa ni polisi akitaka orodha ya wageni, mwombe kitambulisho cha kazi na ombi la maandishi, andika jina, namba na kituo chake, pigia kituo uthibitishe. Afisa wa kweli hakasiriki.

---

kaunta_namba_moja

Mimi naomba kutofautiana kidogo juu ya kuanza na sevisi chaji. Meneja aanze na mlango wa usiku, siku hiyo hiyo. Sevisi chaji inahitaji mhasibu, makubaliano, pengine wiki sita. Kanuni ya vitambulisho inahitaji karatasi moja na meneja kulala hotelini usiku wa kwanza, ili kijana wa zamu aone kwamba haikuandikwa kwa ajili ya ubao.

Tena kuna dhuluma nyingine hamjaitaja: kuuza vyumba kupita vilivyopo. Hoteli yenye vyumba 60 inapokea nafasi 64 kwa kutarajia watano hawatafika, wote wakifika mtu anahamishwa. Anahamishwa nani? Mara nyingi Mkenya aliyelipa bei ya mkazi, kwa sababu anaonekana hana pa kulalamika. Iwe kwa utaratibu: anayehamishwa kwanza ni wa usiku mmoja, asiye na watoto, asiyekuja kwa harusi au msiba. Aarifiwe kabla hajafika mlangoni, na hoteli ilipe usafiri, chumba cha hadhi ile ile au zaidi, na tofauti yote ya bei. Gharama hiyo iandikwe dhidi ya idara ya mauzo. Ikiandikwa hapo, idadi ya kuzidisha hushuka yenyewe.

---

mizani_ya_stoo

Nakubali juu ya usiku wa kwanza, kaka. Hilo litangulie.

Kuhusu mmiliki: usimwendee na neno "maadili" peke yake, atakuambia analijua. Mpe karatasi moja. Barafu ya kamba, 12,320 kwa wiki. Hatari ya VAT kwenye sevisi chaji isiyogawanywa, kwa kiasi cha miezi 12 iliyopita. Majina ya vibarua wangapi tayari ni wa mwezi kwa mujibu wa kifungu cha 37. Adhabu ya kifungu cha 15. Mwishoni weka nafasi mbili za kusaini: "naidhinisha" na "sikuidhinisha". Wengi hawapendi kuacha saini kwenye ile ya pili. Na akiiweka, kwenye jambo la mtoto meneja hafuati amri hiyo, hata akipoteza kazi. Kwenye mengine aendelee kudai kwa maandishi, na nakala akae nayo.

---

pwani_kusini

Nimewaelewa nyote, Mungu awalipe. La mwisho: bakshishi. Kuna sanduku mapokezi, kuna wanaotuma M-Pesa, kuna wanaoongeza kwenye kadi. Zote ziingie mfuko mmoja na sevisi chaji?

---

daftari_la_mshahara

Usichanganye. Sevisi chaji ina hesabu yake ya mauzo, na ukitia bakshishi humo hakuna atakayeweza kuikagua tena.

Sanduku liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mhasibu na mmoja kwa mwakilishi wa wafanyakazi. Lifunguliwe siku maalumu, tuseme kila Jumamosi saa kumi jioni zamu zikipishana, lihesabiwe mbele ya walio hapo, wawili wasaini, ligawanywe siku hiyo hiyo. Jikoni na wafuaji nguo wawemo, maana mgeni hawaoni lakini anakula na kulalia kazi yao. Aliyetumiwa M-Pesa kwa jina lake, ni yake. Ya kwenye kadi huingia akaunti ya hoteli, kwa hiyo mashine itoe ripoti ya bakshishi kila siku, mhasibu aiweke pembeni, ilipwe pamoja na mshahara wa mwezi huo. Benki inakata kamisheni yake kwenye kadi. Amueni mapema nani anaibeba. Kwa maoni yangu aibebe hoteli, kiasi chenyewe ni kidogo, na mhudumu aliyeona mgeni akiandika 500 apate 500.